Waya wenye Pengo

Feri ya Likoni ilipoacha gati, mngurumo wake ulimbembeleza Bi Kadzo mpaka macho yakawa mazito. Mazungumzo ya abiria wawili, waliokutana papo hapo kwenye benchi, akawa anayasikia kama redio ya nyumba ya pili.

"Waya wa kioo cha kompyuta yangu ya zamani ulikuwa na meno tisa, yote kamili," alisema Naomi, karani wa shule. "Huu mpya una nafasi kumi na tano, na katikati jino moja hamna! Naurudisha dukani kisiwani. Na mitihani ya kesho sijapiga chapa hata ukurasa."

"Dada, huo ni mzima," alijibu Barnabas, fundi mwenye bisibisi mfukoni. "Ndivyo utokavyo kiwandani. Umeuchomeka ukaona?"

"Nichomeke kibovu, nikaunguze kioo?"

"Ule wa zamani ulikupa herufi za kijani tu. Huu utakupa rangi zote, hivyo hivyo na pengo lake."

"Kwani mwenye duka ni nduguyo?"

Bi Kadzo alicheka kimoyomoyo. Akapitisha ulimi kwenye pengo lake la mbele, ambalo halijawahi kumnyima mahindi ya kuchoma. Ila lake liliwahi kuwa na jino. Hilo la waya, hata yeye hakuweza kuliapia.

Feri ikagusa gati, mlango wa chuma ukashuka. Watu wakapanda kilima. Naomi alisimama ukingoni mwa feri ameukodolea waya macho, hajui apande dukani au arudi akauchomeke, na abiria wa kurudi Likoni wakimngoja apishe.