Zefania Shemhilu, Aliyemwachia Nyoka Mfenesi Wake

Marehemu Mzee Zefania Shemhilu alizaliwa Shebomeza, Usambara Mashariki, tarehe 9 Machi 1948. Alisoma hadi darasa la nne, ingawa mwalimu wake alilalamika kwamba siku nyingi alikuwa msituni.

Kuanzia mwaka 1966 alichuma pilipili manga juu ya miti. Huko ndiko alikomjua nyoka yule mwembamba kama kijiti kikavu, mwenye meno ya sumu nyuma ya kinywa, ambaye sumu yake haina dawa. Miaka hamsini walichangia matawi, na hakuumwa hata mara moja. Kabla ya kushika tawi alisubiri upepo utulie. Matawi yakishatulia, nyoka huendelea kuyumba kidogo. Subira hiyo aliwafundisha wachumaji wote wa kijiji.

Tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Roda. Wiki ya pili, bibi harusi alivuta kamba ya msituni afungie kuni, kamba ikageuza kichwa. Alitupa kuni zote akakimbia.

"Zefania, kamba yako ina macho!"

"Amekuuma?"

"Hajaniuma!"

"Basi mpole kuliko wewe, mke wangu."

Juni mwaka jana alianza kukohoa. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025. Ni mapafu, ndugu zetu, si nyoka. Inatuuma kulisema hili kaburini, lakini tangu Ijumaa yanavumishwa mengine, na wapo waliotaka kuukata mfenesi wa nyuma ya nyumba anapoishi nyoka mmoja wa aina hiyo. Neno la mwisho la marehemu kwa mkewe lilikuwa, "Mfenesi msiukate. Yule mpangaji wangu."

Jana, wakati wa kuchimba kaburi, mpwa wake Mbelwa aliusogelea mti na panga. Mama Roda, yule yule aliyekimbia, alimshika mkono.

"Subiri kwanza, baba. Upepo utulie."

Walisimama. Upepo ukatulia, majani yakatulia, kijiti kimoja kikaendelea kuyumba.

"Kumbe yupo hapo hapo," alisema Mbelwa. "Na mimi nilikuwa nakwenda kulishika tawi hilo!"

Akaweka panga chini, akarudi kwenye sepetu.

Mzee ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na wawili, na mpangaji mmoja ambaye familia inaomba asisumbuliwe.

Apumzike kwa amani. Mti wake haukatwi.