Mlango wa Nyuma wa Kushoto: Kumuaga Mzee Leonidas Matiasi

Mzee Leonidas Matiasi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia shule yetu ya sekondari hapa Kasulo kwa miaka thelathini na mitatu. Kazi yake kwenye mkataba ni udereva. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, ni kuliosha gari mpaka lisiwe na alama hata moja ya tone la maji. Pikapu nyeusi ya milango minne iliyoegeshwa leo mbele ya ukumbi ni ushahidi tosha, isipokuwa mlango wake wa nyuma wa kushoto. Mwenye macho makali ameshayaona madoa yale meupe, na huenda ameshaanza kumnong'oneza jirani yake. Avumilie kidogo, maana mwezi uliopita mlango huo nusura upakwe rangi, na Mzee alikosa usingizi kwa ajili yake.

Alizaliwa Nyamigogo, wilayani Biharamulo, akaja kwetu akiwa kijana, utingo wa lori la shule. Alipakia ndizi na maharage kutoka Kirushya, akalala juu ya magunia, akajifunza udereva kwa kumtazama dereva. Alipopata leseni alipewa lori, na pikapu hii iliponunuliwa hakuna aliyeuliza nani ataiendesha. Amebeba mitihani, wagonjwa, magodoro, maharusi, na siku moja askofu pamoja na mbuzi aliyezawadiwa. Hajawahi kugonga hata kuku, na kuku wa njia ya Kirushya hawana adabu.

Rangi nyeusi haifichi kitu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na tone likikaukia kwenye bodi linaacha duara jeupe ambalo taulo peke yake hailiondoi. Ndiyo maana Mzee hakuliosha gari uwanjani kama watu wengine. Aliliosha nyumbani kwake, kwenye nyumba za watumishi, chini ya kivuli cha migomba, asubuhi kabla jua halijachangamka. Kwanza aligusa boneti kwa mgongo wa mkono. Ikiwa bado ina joto, alivuta kigoda akasubiri. Alianza na paa akashuka, sehemu moja moja, akisuuza povu kabla halijakauka, na maji ya mwisho yalikuwa ya mvua, aliyoyakinga mwenyewe baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo. Kisha taulo mbili kuukuu za pamba: moja ya kunyonya maji, nyingine ya kumalizia. Sabuni ya unga ilikuwa marufuku. Wanafunzi waliopita wakasema shikamoo waliitikiwa marahaba bila kutazamwa, kwa sababu macho yalikuwa kwenye gari.

Mhasibu wetu Happy hataisahau siku ya harusi yake. Gari lilikuwa tayari, maua yamefungwa, bibi harusi yumo kwenye shela, na Mzee akakataa kuondoka. Alisema vioo vya pembeni vinaficha maji, na yakianza kutiririka njiani yatachora mistari milangoni. Aliendesha mbele kidogo, akakanyaga breki, akarudi nyuma, akakanyaga tena, akashuka na taulo kufuta kilichotoka. Padri alisubiri. Happy alilia kwa hasira, ila picha zake ni nzuri kuliko za harusi zote zilizofungwa mwaka ule, na leo anazionyesha bila kuombwa.

Sasa tufike kwenye mlango. Mwaka 2017 mama yake Mzee, Bi Nyamizi, alifariki hospitalini Biharamulo. Mzee alikuwa huko akimuuguza, na pikapu ilikuwa hapa, nyekundu kwa vumbi. Yeye hakuwahi kumpeleka marehemu wa mtu yeyote kwenye gari chafu. Alikuwa akisema mfiwa asione vumbi, ana mengi ya kuona. Kwa hiyo watumishi walikubaliana kwamba gari la kumchukua mama yake haliwezi kwenda vile. Wakaliosha. Wakaliosha saa sita mchana, juani, kwa sabuni ya unga na maji ya kisima, kisha wakaliacha likauke lenyewe huku wakitafuta nguo za msibani. Mwalimu Jovitus aliliendesha mpaka Biharamulo, na lilipoegeshwa mbele ya hospitali lilikuwa na madoa kutoka paa hadi matairi.

Mzee alitoka akalizunguka kama kawaida yake. Alipofika mlango wa nyuma wa kushoto aliweka kiganja juu yake, akasema, "Mmeliosha. Asanteni sana." Akafungua mlango huohuo, akakaa nyuma kama abiria, na tukamsindikiza mama yake mpaka Nyamigogo.

Aliporudi kazini alichukua siki na kitambaa, akayaondoa madoa yote kwa subira kubwa. Mlango ule aliuruka. Jovitus alidhani amesahau, akamkumbusha. Mzee alimjibu kwamba hajasahau, na kwamba uachwe. Jua limeyapika yale madoa, sasa yameingia kwenye rangi na siki haiyawezi tena.

Mwezi uliopita uongozi ulipanga kulipaka gari rangi upya kabla ya kulikabidhi kwa dereva mpya, Elick. Mzee alikuja ofisini kwangu, jambo analolifanya kwa nadra, akakaa, akaomba kitu kimoja tu kwa miaka yake yote: mlango ule usiguswe. Nilipeleka ombi kwa mkuu wa shule nikiwa na wasiwasi, kwa sababu fundi alishalipwa. Mkuu alikuwa kijana wa kidato cha tatu hapa zamani, na alipanda gari hilo akiwa na malaria. Aliidhinisha palepale. Fundi alipaka paa na boneti, akaupita mlango akitikisa kichwa, na Elick ameapa mbele yetu kwamba hataugusa kwa polishi.

Leo alfajiri tumeliosha sisi wenyewe. Kivulini, kwa maji ya mvua, taulo mbili, na breki tumekanyaga. Mzee alikatazwa kutoka nje, akachungulia dirishani muda wote, na mara mbili alisikika akikohoa tulipokosea.

Baada ya chakula Elick atashika usukani kuelekea Nyamigogo. Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila safari, na tunakuombea afya njema, migomba yenye kivuli na mvua za kutosha. Leo huendeshi. Utakaa nyuma, upande wa kushoto, na mlango huo tutakufungulia sisi.

Tecla Ndayisaba
Ofisi ya Utawala