Mashine ya Kumwambia Wifi

SHANGAZI: Haloo? Nani mwenzangu?

KOMPYUTA: Mimi, shangazi. Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mwana wa kaka, Kompyuta wangu. Nakutafuta toka asubuhi, na wewe—

KOMPYUTA: Nilikuwa kazini. Vipi, ile mashine imepiga simu?

SHANGAZI: Imepiga. Hebu nieleze tena ulivyoitengeneza.

KOMPYUTA: Rahisi tu. Kuna huduma mtandaoni, unaitumia namba na sauti uliyorekodi, inapiga yenyewe. Mistari michache ya kuiamuru, basi.

SHANGAZI: Na sauti ni ileile yangu?

KOMPYUTA: Ileile. “Mpenzi, umenenepa, gauni halifungi. Pita dukani nikupime upya.”

SHANGAZI: Niliyomrekodia mama yako. Maana wifi haambiwi hayo usoni, na kesho anamwoza binti yake.

KOMPYUTA: Ndiyo.

SHANGAZI: Sasa mbona wateja wangu wote wako hapa?

KOMPYUTA: Wote wa—

SHANGAZI: Wote. Nesi, mwalimu mkuu, mpaka yule askari niliyemshonea suruali. Foleni imefika kwa kinyozi.

KOMPYUTA: Ngoja nitazame... [kibodi inalia] Lo. Pa kuandika namba nimepaacha wazi. Pakiwa wazi, inapigia namba zote za wateja nilizokuhifadhia humo.

SHANGAZI: Umenimaliza.

KOMPYUTA: Wamekasirika?

SHANGAZI: Afadhali wangekasirika. Kila mmoja ananivuta pembeni kuniuliza nimejuaje.

KOMPYUTA: [anacheka]

SHANGAZI: Cheka tu. Mama yako hayumo kwenye foleni.

KOMPYUTA: Hayumo? [kibodi] Aisee, shangazi... wakati wa kujaribu niliiambia isimpigie mama hata iweje. Nikasahau kufuta.

SHANGAZI: Yaani mtaa mzima umeambiwa, isipokuwa mwenye gauni? Kwa nini lakini?

KOMPYUTA: Si unamjua mama.

SHANGAZI: Namjua sana. Ndiye huyo anaingia.

KOMPYUTA: Basi mwambie wewe, taratibu—

SHANGAZI: Karibu, wifi, karibu... Anauliza foleni ya nini. [minong'ono] Nimemwambia ya simu. Anasema watu siku hizi wamejiachia mno, na ndiyo maana yeye hakupigiwa.

KOMPYUTA: Mungu wangu.

SHANGAZI: Nampa simu.

KOMPYUTA: Usimpe! Shangazi, mtandao unasumbua, sikusi—

SHANGAZI: Mtandao uko sawa kabisa. Shika, wifi. Mwanao ana neno na wewe kuhusu gauni.

KOMPYUTA: [kwa sauti nyembamba] Samahani. Mteja unayezungumza naye hapatikani kwa sasa.