Tembo wa Mikonga Miwili

Kitendawili, mjukuu wangu: nilizaliwa na kilema, nikawa ghali, ndugu yangu alipata kilema ukubwani, hakuna amtakaye. Ukisema sarafu, umepata.

Tukiwa kwenye minibasi kutoka kambi ya wakimbizi kule Dowa kwenda Old Town, mtaa wa maduka mjini, Bisimwa, fundi cherehani wa Bukavu, alimwonyesha jirani yake wa kiti faranga ya zamani ya Wabelgiji. Tembo wake alikuwa na mikonga miwili. "Mashini ya kutengeneza pesa njo ilikosea, papa. Muhindi mumoja wa Old Town anakusanya za namna hii. Akiinunua, nitapata mashini ya kushona."

Jirani, Mzee Nibigira, aliwahi kuuza sarafu za kale Bujumbura. Akaipitishia ukucha. "Kosa la mashini linainuka, mwanangu. Huu mkonga wa pili umelala, shaba imesukumwa tu. Iligongwa baadaye. Ilikaa wapi?"

"Macho yako imezeeka, papa."

"Ukucha haujazeeka. Ilikaa wapi?"

Bisimwa akatazama nje mpaka Old Town. Hata mimi, niliyetaka ashinde, nilichoka kumngoja. Gari likasimama, naye hakunyanyuka.

"Muke wangu aliishonea mu pindo ya kikwembe yake ya kujifunga, tukikimbia vita," akasema. "Kila akifua, alikuwa anakipigapiga ku jiwe."