Mama Bariki na Fomu za Matangani

Hoja yangu ni moja, nami niko tayari kuitetea mbele ya yeyote katika hafla hii ya kuaga: bima ya afya ya mzee haikatizwi na ugonjwa. Hukatizwa na msiba, na kustaafu, na ndoa mpya, pale maisha yanapobadilika kadi ikabaki ilivyokuwa. Kwa hiyo dirisha la bima hospitalini peke yake halimtoshi mzee, lazima afuatwe. Bi Asnath Ntakije, Mama Bariki wetu, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika Hospitali ya Mwambao hapa Ujiji, amelithibitisha hilo kwa miguu yake. Desturi yake haipaswi kustaafu pamoja naye.

Alianza mwaka 1991 akiwa karani wa masjala, enzi za majalada ya kahawia na mihuri iliyoacha wino vidoleni hadi Jumapili. Dawati la bima lilipofunguliwa mwaka 2003 alikabidhiwa yeye. Haukupita muda akaona jambo lililomkera: wajane walifika dirishani miezi kadhaa baada ya msiba, wagonjwa, wameshika kadi ya marehemu ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Ndipo alipoanza kwenda matangani. Siku ya kuanua tanga, msiba unapofungwa, ndugu wakishamaliza habari za shamba na watoto, Mama Bariki alinyoosha mkono na kuomba dakika tano za kadi. Fomu ya kubadili kadi ilijazwa hapohapo mkekani, kabla ya chai kupoa. Watani wa mtaa wa Kasingirima walisema kwamba wakimwona anakatiza mtaani na mkoba wake, kila mmoja hujigusa shingo kwanza kama ana homa. Naye aliwajibu kuwa wasihangaike, wafe tu kwa utaratibu, fomu anazo.

Aliwahi kukosea, tena vibaya. Mwaka 2011 alisafiri hadi Ilagala kwa msiba wa Mzee Meshack, akapokelewa mlangoni na Mzee Meshack mwenyewe. Aliyefariki alikuwa wajina wake wa kijiji cha pili. Mzee alicheka hadi akakaa chini, akamwambia kwamba kwa kuwa amemzika mapema, basi ale samaki, migebuka ya matanga, kabisa. Wakiwa wanakula, Mama Bariki akabaini kwamba kadi ya mzee bado ilibeba jina la mke aliyefariki miaka minne nyuma, huku mke wa sasa, Bi Skolastika, akitibiwa kisukari bila bima. Alirudi na fomu imejazwa.

Nilipoajiriwa kwenye dawati lake na shahada yangu mpya, nilibishana naye wiki nzima kwamba ujumbe wa simu ungetosha. Alinipeleka kwa mjane mmoja ambaye ujumbe wake ulikuwa umefika bila kasoro, ila kwenye simu ya marehemu, iliyofungiwa kabatini, na hapakuwa na aliyejua namba yake ya siri.

Tutaikumbuka sauti yake koridoni, na viatu vyake vyenye vumbi la kila kata. Asante, Mama Bariki. Uamke bila kengele, usikie ziwa badala ya foleni, na afya ikufuate kama ulivyowafuata wengine.

Lakini uongozi umetangaza kwamba kuanzia kesho shughuli zote za kadi zitafanyika dirishani tu. Nami nasema: Jumamosi tulimzika Mwalimu Theophil, mstaafu wa Kasingirima. Mjane wake, Bi Leonia, ana miaka sabini na minane, haoni vizuri, na hupata dawa za presha kila mwezi kwa kadi ya mumewe. Tanga linaanuliwa kesho, Jumanne. Namwomba Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, Daktari Gasper, asijibu kwa barua. Ajibu leo, kwenye kipaza sauti, sote tukisikia, ni nani atakayemwendea Bi Leonia kesho na fomu.