Pande Mbili za Kifua cha Nayra

Ndugu waombolezaji, mimi ni Benedicta, mdogo wa marehemu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniachia kazi hii ya kusoma wasifu wake, akasema nisipunguze neno, kwa hiyo mwenye haraka atangulie makaburini.

Dada Primitiva Choquetilla alizaliwa Llallagua, mji wa migodi, tarehe 27 Novemba 1964, binti wa mchimba madini, akasoma hapo hapo, akahitimu uuguzi mjini Oruro mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika hospitali ya hapa mjini, idara ya dharura ya watoto. Tarehe 14 Mei 1989 alifunga ndoa na Severo Colque, wakajaliwa mabinti wawili, Rufina na Elvira; Severo alitangulia mwaka 2003, vumbi la mgodi likiwa limemla mapafu.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2009 aliletwa Nayra, mtoto wa miaka minne, anahema kwa shida, mkuu wa idara akasema ni pumu, apewe dawa ya mvuke, asubiri picha ya kifua, akaenda zake mkutanoni. Dada akaweka stethoskopu, kulia hewa inapita, kushoto kimya, upande huo hauinuki, koo limesogea kulia, midomo bluu, akajua pafu limetoboka, hewa imejaa kifuani, inalibana pafu na kusukuma moyo. Alituma mkuu aitwe mara tatu, jibu likarudi, "Mwambieni yeye ni muuguzi tu, asubiri!" Hakusubiri, alichoma sindano juu ya ubavu wa tatu, hewa ikatoka kwa mluzi, mtoto akalia.

Kwa hilo alipewa barua ya onyo, akahamishiwa chumba cha kufulia, akakunja mashuka miaka kumi mpaka kustaafu, huku mkuu akiwafundisha wanafunzi kisa kile kile kama chake, jamani, bila haya! Kila Februari dada aliandika kuomba onyo lifutwe, mara kumi na tano, hakujibiwa hata mara moja.

Saratani ya tumbo ilionekana Machi 2023, akafariki nyumbani tarehe 18 Agosti 2024, saa nne asubuhi. Jana hospitali ilileta shada lenye utepe, "Muuguzi Wetu wa Mfano." Barua ya kufuta onyo hawakuleta. Shada liko nje ya geti, anayelitaka achukue.

Tunawashukuru madaktari waliompunguzia maumivu, majirani mliopika, na ninyi wafuaji, wenzake wa kweli. Wauguzi watatu mliokuwemo chumbani siku ile, mkatia sahihi kwamba hamkuona kitu, ahsanteni kwa kuja.

Nayra ana miaka kumi na tisa sasa, amesimama hapa kichwani pa jeneza, analia kwa kwikwi, na kifua chake kinapanda pande zote mbili.

Lala salama, dada, umesubiri vya kutosha.