Wavu wa Najiat

Najiat amepata beji. Kuanzia wiki hii binti yangu ni mwamuzi wa mpira wa wavu wa daraja la taifa, na kwa ukoo wetu wote, kuanzia hapa Tabora mpaka Sikonge, hakuna mwingine.

Mshereheshaji ameniambia itifaki kwanza. Sawa. Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Bi Agnetha, mkaguzi wa waamuzi, uliyepanda treni kutoka Dodoma kwa ajili yetu. Mzee Popatlal, mwenye viti hivi tulivyokalia. Kaka yangu Adinani, katibu wa kamati ya michezo. Wanawake wenzangu wa sokoni, ndugu na majirani. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, najua mlikuwa mnataka kuniamkia.

Mimi shule niliishia darasa la saba, nauza asali, na nilidhani mwamuzi ni mtu wa kupuliza filimbi. Kumbe filimbi ni mwisho wa kazi. Najiat anafika uwanjani watu hawajafika. Anapima wavu kwa fimbo yake, katikati na pembeni. Kwa wanawake ni mita mbili na sentimita ishirini na nne, niulizeni hata nikiwa usingizini. Anaminya mipira, anatazama mistari, anawaita manahodha wapige kura ya shilingi, halafu timu zinapasha misuli. Nani kamfundisha utaratibu huo? Kozi ilimfundisha, lakini mtoto nimemzaa mimi.

Sasa siku ya mtihani wake mnaikumbuka. Mabinti wa hapa mjini na mabinti wa Usoke, na Bi Agnetha amekaa pembeni kumkagua. Akifeli, anasubiri mpaka kozi nyingine, na kozi nyingine haijulikani ni lini. Najiat akapima kila kitu, kikawa sawa. Kisha ukafika ule wakati wetu wa heshima, mgeni rasmi kupiga mpira wa kufungulia.

Hapo kaka yangu Adinani, kwa mapenzi yake kwa viongozi, akawanong'oneza vijana walegeze kamba ya wavu kidogo, Mheshimiwa asije akaaibika. Wakalegeza. Mheshimiwa akapiga, mpira ukapita, tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Mheshimiwa akarudi kukaa, vijana wakavuta kamba wakafunga kwa kukadiria kwa macho, kila mtu akasubiri filimbi.

Najiat hakupanda kwenye kiti chake. Alikwenda kuchukua fimbo.

Adinani akamfuata mpaka katikati ya uwanja, akamwambia mgeni ameshakaa, jua linakwenda, apige filimbi. Mwanangu akamjibu, kwa adabu zote, "Mjomba, wavu umeguswa. Wavu ukiguswa unapimwa upya."

"Mimi ndiye mjomba wako."

"Shikamoo, mjomba. Sasa naomba utoke uwanjani."

Ndugu wageni waalikwa, nyinyi mngefanya nini mngekuwa mama yake? Mimi nilitazama viatu vyangu. Jirani akaniuliza kama mwanangu ana wazimu, nikasema ni wa upande wa baba yake. Nilijua beji imekwenda. Nani anampa beji mtu aliyemweka mgeni rasmi juani?

Fimbo ikasema wavu uko chini. Ndipo Mheshimiwa mwenyewe akasimama, akauliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Kwa hiyo mpira wangu haukupita?"

Najiat akasema, "Ulipita, Mheshimiwa. Ila ulipita wavu mwingine."

Mheshimiwa akavua koti, akasubiri wavu upandishwe mpaka fimbo ikubali, akaomba mpira arudie. Akapiga. Mpira ukagonga wavu, ukadunda, ukarudi miguuni pake. Safari hii sikupiga vigelegele. Mheshimiwa akauokota, akamkabidhi Najiat kwa mikono miwili, akaenda kukaa. Viongozi wa namna hiyo tunao wangapi? Na leo amekubali tena mwaliko wetu, amekuja amevaa raba. Sababu sijui, na sitauliza.

Mechi ikaanza. Usoke wakatufunga, lakini walitufunga kwa wavu halali.

Siku zilizofuata nyumbani kwangu hakuna aliyeuliza habari za mtihani. Adinani hakutia mguu. Mpaka juzi Bi Agnetha aliponipigia simu, akaniambia, "Mama Najiat, angepanda kile kiti bila kupima mara ya pili, ningefunga begi langu nikaondoka." Simu ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye ndoo ya asali. Mpaka leo inanata, lakini inapokea.

Kaka Adinani, ulikuja jioni ile ile ukamkumbatia mpwa wako, na pilau ya leo mchele umetoa wewe. Nakushukuru. Bi Agnetha, Mheshimiwa, Mzee Popatlal, nanyi nyote mlionivumilia nikimsifu mwanangu, Mungu awalipe kwa masikio yenu.

Mechi yake ya kwanza ya daraja la taifa ni Igunga, saa kumi jioni. Msije saa kumi. Njooni saa tisa, anapopima, na jina la mtu asiyekuja nitalijua. Ni Jumamosi, siku ya Nanenane.